Mwali Aliyeng'aa Kupita Kiasi

Shangazi Miza alikuwa na sheria zake, na kila sheria aliizua siku aliyoihitaji. Ile ya kwamba mwanamke aliyeachika haingii chumba cha mwali aliitangaza mkono kiunoni, mbele ya wanawake wote wa nyumba, siku Tahani alipowekwa ndani ili asingwe, asuguliwe ngozi ing'ae kabla ya arusi yake. Hakutaja jina la mtu. Kwani kulikuwa na haja? Nyumba nzima aliyeachika alikuwa mmoja tu, Hayat, dada mkubwa wa mwali, naye alikuwa amesimama palepale na beseni la liwa mikononi, liwa aliyoisaga mwenyewe tangu alfajiri mpaka mabega yakamuuma.

"Si mimi ninayesema," alisema Shangazi Miza. "Ni desturi. Mutalaka akimushika mwali, anamuachia nuksi yake."

Hayat alimtazama mdogo wake. Alingoja Tahani aseme neno, hata nusu neno. Tahani aliinamisha kichwa akaviangalia vidole vyake vya miguu kama mtu anayevihesabu. Basi Hayat akaliweka beseni chini taratibu, liwa isimwagike, akasema, "Sawa. Mukiitafuta nuksi, iko jikoni," akatoka.

Ndiyo Buyenzi hiyo. Mtaa una mafundi wanaofungua injini ya lori macho yamefumba, una misikiti kila upande, una watu waliokaa mjini kabla wengine hawajajua kama kuna mji. Lakini wape arusi tu! Akili wanaikunja na kuiweka kabatini pamoja na nguo za kila siku. Na arusi hii haikuwa ya kubahatisha. Bwana arusi, Nawaf, alitoka kwa Waarabu wa Rohero, mtaa wa matajiri, wenye duka la vitambaa, watu ambao dada yao Ghada akikaribishwa kiti anakipangusa kwanza. Shangazi Miza ndiye aliyewalea watoto wa marehemu kaka yake Suud, kwa mkono mmoja na ulimi mmoja. Mama yao, Bi Asiya, alikuwa hai na mzima, ila tangu aolewe hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya wifi yake. Shangazi alikuwa ameapa kwamba watu wa Rohero watamkuta mwali anayeng'aa mpaka watafute miwani ya jua.

Kumbe mwali mwenyewe alikuwa na jino bovu, gego la mwisho kabisa, linalomwamsha usingizini. Hayat alishauri likang'olewe mapema. Shangazi Miza alimcheka mpaka akakaa chini.

"Umeshaona uso wa mutu aliyeng'olewa jino? Unavimba kama andazi! Munataka picha za arusi zitoke hivyo?"

Jino likaachwa mahali pake. Shangazi akawa anampa vidonge vyeupe vya maumivu, vikubwa, alivyovinunua dukani mtaani, na kila akimpa kimoja anasema "meza, uonekane binti wa watu". Chakula hakumpa. Gauni lilikuwa limeletwa likiwa dogo, na badala ya fundi kulipanua gauni, Shangazi aliamua kumpunguza aliye ndani yake. Asubuhi chai kavu, mchana tango, usiku dua.

Siku za mwanzo zilikwenda kama alivyotaka. Asubuhi Tahani alisuguliwa manjano, liwa na karafuu, jioni akafukizwa udi. Hayat alikuwa uani, sinia la mchele mapajani, akitoa mawe katika mchele wa pilau ambayo hakutaka kuila. Habari za chumbani alizipata kwa mama yake.

"Mwenzako anang'aa," Bi Asiya alimnong'oneza. "Hata sijui kama ni..."

"Hata sahani ya bati inang'aa, mama."

Wanawake walikuja, Ghada wa Rohero akiwemo, wakachungulia, wakapiga vigelegele. Rangi gani hiyo! Dhahabu tupu! Shangazi Miza aliwaonyesha kiganja chake kilichogeuka njano na kusema ni mukono wake huo, mukono wa Miza, haufundishwi. Mmoja akauliza mbona mwali ana alama nyeusi nyeusi za kuvilia damu mikononi. Shangazi akasema ngozi laini ndivyo ilivyo, ya punda ndiyo haivilii. Waliokuwa na ngozi ya punda wakanyamaza.

Kisha Tahani akaanza kutapika.

Nyumbani kwingine mtu akitapika ni mgonjwa. Kwenye nyumba yenye mwali, kutapika ni kesi. Shangazi Miza alifunga dirisha kabla hajampa mtoto maji ya kusukutua. Akamuuliza waziwazi, Tahani akalia, akaapa kwa Msahafu kwamba hajaguswa na mwanamume yeyote. Shangazi alimwamini, tena alimwamini kabisa, ila dirisha halikufunguliwa.

"Labda tumupeleke hospi..." alianza Bi Asiya.

"Mwali anayetapika? Wiki ya arusi? Wifi, umeme ukikatika Buyenzi, Rohero wanajua kesho yake. Mwali akitapika, wanajua kabla hajajifuta mudomo! Yule Ghada atahesabu miezi kwa vidole vyote, vya mikono na vya miguu. Apana. Ni joto tu."

Hayat alisikia kila kitu kupitia ukuta. Alisikia mdogo wake akijikamua tumbo tupu, akakunja mdomo. Mtu anashindia tango, ulitaka atapike nini, biriani? Alijua kabisa kwamba ana hasira na Tahani kuliko na Shangazi. Shangazi alikuwa Shangazi tu, hajawahi kujificha. Lakini Tahani! Tahani aliyelala mgongoni mwake utotoni, aliyefundishwa naye kusuka, kusoma, kuvuka barabara, siku ile aliangalia vidole vya miguu.

Asubuhi moja sauti ikatoka nyuma ya pazia la chumba. "Dada Hayat."

Mikono ya Hayat ilisimama ndani ya mchele.

"Dada, njoo kidogo."

Alisikia. Alisikia vizuri mno, mpaka akajua kwamba koo ni kavu na kwamba Tahani anaongea akiwa amelala. Lakini Hayat alikuwa na mdomo unaotangulia miguu. "Mutalaka haingii!" alipaza sauti. "Muulize shangazi yako!"

Wanawake waliokuwa uani wakaangua kicheko, kwa sababu majibu ya Hayat yalijulikana kuanzia Buyenzi mpaka Cibitoke, na mtu akishazoea kuchekewa, kicheko kinakuwa kitamu kuliko sukari. Sauti ikaita tena, chini zaidi. Hayat akainuka, akaenda bombani, akalifungua mpaka mwisho. Maji yalilia ndani ya ndoo na hakusikia kitu kingine. Kesho yake ilipoita tena, bila "dada", "Hayat" tu, alifungua bomba hilohilo. Mimi ni nuksi, alijiambia, na nuksi haiitwi.

Mchora hina akaja, mwanamke mwenye sifa zake. Haukupita muda akatoka amenuna, vifaa vimekusanywa kwapani.

"Mikono haitulii," alilalamika. "Ukiinyoosha inaanguka. Ukiinyoosha tena, inaanguka tena. Nimechora ua, limetoka jongoo!"

"Ni woga wa bwana arusi," alisema Shangazi Miza, na watu wakacheka. Hayat naye alicheka.

Lakini mwali akawa analala mchana kutwa na kutangatanga chumbani usiku. Akamwita Shangazi "baba". Akauliza nani amewaruhusu mbuzi waingie msikitini. Hapo Shangazi Miza akapata jibu alilolitaka, jibu lisiloleta aibu: jini. Jini mahaba, aliyempenda Tahani siku nyingi, hataki aolewe. Kwa kweli jini la namna hiyo linampandisha mwali thamani. Akamwita Shehe Sulemani aje amsomee.

Shehe alikuwa mtu wa haki. Alikaa karibu na pazia akasoma kwa utulivu, kisha akaomba amwone mgonjwa uso. Alipotoka hakuketi.

"Nimesoma, na muponyaji ni Mwenyezi Mungu," alisema. "Sasa mumupeleke kwa daktari, leo hii. Macho yake sikuyapenda. Tumeamriwa tujitibu, si tukae."

"Ahsante sana shehe, umetuokoa," alisema Shangazi Miza, akamfungia halua. Shehe alipovuka mlango wa nje, akawageukia wanawake. "Mumesikia? Ameshasoma. Sasa atatulia."

Nusu ya maneno ilimtosha. Hayat, aliyekuwa amesimama na sinia lake, alikuwa amesikia nusu ya pili.

"Macho yana nini?" aliuliza.

"Wanja."

"Shehe haogopi wanja. Macho yana nini?"

Akaliweka sinia chini, akavua viatu, akapita chini ya mkono wa Shangazi ulionyooshwa mlangoni, akaingia chumba cha mwali.

Joto lilimpiga usoni, joto la udi na dirisha lililofungwa. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, tamutamu na chakavu, kama tunda lililosahauliwa chini ya kitanda, nayo ilitoka kinywani mwa Tahani. Mdogo wake alilala chali juu ya shuka ya hariri. Alikuwa wa njano kuanzia paji mpaka kucha. Fizi zilikuwa zimetoka damu na damu imekauka pembeni mwa midomo. Hayat alipiga magoti. Alilowesha kidole gumba, akasugua shavu la mtoto, njano haikutoka. Akamfunua ukope. Nyeupe ya jicho haikuwepo. Ilikuwa njano ya kiini cha yai.

Hapo alielewa. Manjano hupakwa kwenye ngozi. Hakuna singo inayofika ndani ya jicho.

"Shangazi," alisema bila kugeuka, "na hapa mulisugua?"

Shangazi Miza alichungulia, akarudi nyuma hatua. "Toka! Umeshaleta nuksi yako!"

"Nuksi imechelewa, Shangazi! Ingeingia siku ileile, leo mungekuwa na mutoto! Munamusifu mutu anakufa! Munamupigia vigelegele!" Hasira iliyokuwa ndani yake haikujua nani wa kumwangukia kwanza. "Tahani. Tahani, ni mimi. Nimekuja."

Tahani alifumbua macho. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. "We ni nani?" aliuliza.

Kilichofuata kilikuwa aibu tupu. Buyenzi ina magari kupita idadi ya kuku, na siku hizo hakuna hata moja lililokuwa na tone la petroli. Esansi ilikuwa imepotea mjini, watu walikwenda kwa miguu, magari yamelala kwenye foleni za vituo mpaka wenyewe wakayaota usingizini. Jirani yao, fundi Tajudini, alikuwa na gari zima, ila tangi kavu. Na katika nyumba hiyohiyo ya mwali, ndani ya stoo ya Shangazi Miza, kulikuwa na madumu ya esansi yamepangwa ukutani, yaliyokusanywa kwa miezi kwa ajili ya msafara wa arusi. Kufuli mlangoni. Ufunguo kifuani mwa Shangazi, chini ya kanga.

"Hayo ya msafara!" alisema. "Watu wa Rohero waje kumuchukua mwali kwa miguu? Apana! Subirini kidogo, jini likishuka..."

"Wifi," alisema Bi Asiya.

Kila mtu aligeuka. Bi Asiya alikuwa amesimama katikati ya ua, mchi wa kinu mkononi, mwenyewe akiutazama kama hajui ulifikaje pale.

"Wifi, toa ufunguo, ama navunja mulango, na nikimaliza mulango nakuja kwako."

Sentensi nzima, mwanzo mpaka mwisho. Shangazi Miza akautoa ufunguo.

Hospitalini walipokewa na daktari mmoja, Anselme, mtu mrefu mwenye macho ya usingizi na subira ya mwalimu wa watoto wadogo. Alimbonyeza Tahani chini ya mbavu za kulia, mgonjwa akaguna. Akamwambia anyooshe mikono mbele, viganja vimeinuliwa wima, kama anayesimamisha gari. Mikono ilinyooka, ikaanguka, ikanyooka, ikaanguka. Daktari aliitazama hina iliyopinda, ua lililotoka jongoo.

"Aliyechora hii aliona kabla yangu," alisema. "Hakuna aliyejiuliza?"

Hayat alikumbuka alivyocheka. Alitazama sakafu.

Walimtoa damu ya kupima, na tundu la sindano likakataa kufunga. Pamba ikalowa, ikaletwa nyingine, ikalowa. Daktari akawageukia wanawake. Ghada naye alishafika. Nani alimwambia, Mungu ndiye ajuaye, habari mbaya haikosi esansi.

"Amekunywa nini? Dawa za mitishamba? Uyoga wa porini? Vidonge?"

"Hakuna kitu," alisema Shangazi Miza.

"Hakuna," alisema Ghada.

Bi Asiya alifungua mdomo akaufunga. Alikuwa ameshatumia sentensi yake ya mwaka.

"Mutoto huyu ini lake linazimika," alisema Daktari Anselme. "Si polepole kama la mulevi. Linazimika kwa haraka, sasa hivi tunavyoongea. Kuna virusi vinavyofanya hivyo, nitapima. Kuna sumu zinazofanya hivyo. Kama ni sumu, nina njia, lakini niambieni. Mukificha, munamuzika nyinyi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hayat alikwisha kuinuka. Alichukua mkoba wa Shangazi mapajani mwake, akaupindua juu ya benchi. Kioo, tasbihi, pipi za karafuu, na karatasi za vidonge vyeupe, nyingi, karibu zote tupu. Bi Asiya aliona hivyo, akaanza kulia. Akafungua fundo la kanga yake, ndani kukawa na vidonge vyake vya pinki, vya magoti. Mwanawe alikuwa analia na jino, alisema, akawa anampa kwa siri, Shangazi asijue. Wote wakamtazama Ghada.

"Mi sikumupa dawa," alisema Ghada, akabinua midomo. "Siku nilipokuja kumuona nilimuletea poda ya mafua, awe anakoroga kila siku katika maji ya moto, inatuliza na jino. Ina ladha ya limau. Tena inatoka nje, si ya vioski vyenu." Akatoa mkobani kiboksi kama hicho, kizuri, chenye picha ya mwanamke anayetabasamu.

Daktari alivipanga vitatu kwenye benchi, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo ya cha kwanza. "Soma, dada."

"Parasetamoli," alisoma Hayat.

"Hiki?"

"Parasetamoli." Akageuza kiboksi cha Ghada mwenyewe. Chini ya mwanamke anayetabasamu, kwa herufi za mchwa: parasetamoli.

"Majina matatu, rangi tatu, dawa ni moja," alisema daktari. "Kwa kipimo chake ni dawa nzuri, hata mi naimeza. Lakini kila mumoja wenu alimupa kipimo kamili, kila siku, na mutoto hali kitu. Ini ndilo linalosafisha dawa hiyo. Likizidiwa, na mwili una njaa, mabaki yanageuka sumu yanalila ini lenyewe. Kutapika ilikuwa hiyo. Njano ilikuwa hiyo. Ini likilala, damu haigandi, sukari inashuka, na uchafu uliokuwa unachujwa unapanda kwenye ubongo. Ndiyo maana hajui yuko wapi. Jini munalosema, ndilo hilo."

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Hapo walikuwa watatu, kila mmoja anataka yeye ndiye aonekane amemponya mwali, na kilichoharibika ni ini.

"Kwa hiyo," aliuliza Ghada, "si mimba?"

"Si mimba."

"Alhamdulillahi," alisema Ghada, akapumua. "Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Nawaf."

Hayat angeweza kumpiga. Alikuwa na maneno ya kumvua nguo mwanamke yule mpaka barabarani, yote yalikuwa tayari, lakini daktari alikuwa anamwambia jambo na alilazimika kusikiliza. Wangemwekea maji ya sukari mshipani. Wangempiga sindano ya vitamini ya kugandisha damu. Wangempa shira ya kumharisha, uchafu utokee chini usipande juu. Lakini dawa inayotegua sumu yenyewe, ile ya mshipani, ilikuwa imekwisha.

"Ila iko kwenye farmasi," alisema. "Wanaiuza kama poda ya kikohozi. Ni dawa ileile. Tutaipitisha kwa mupira wa puani. Nahitaji nyingi, na nahitaji sasa."

"Ya kikohozi?" Shangazi Miza alishika kichwa. "Mutoto hakohoi! Mutu anaumwa ini munamupa ya kikohozi, hii hospitali gani?"

"Nyamaza, Miza," alisema Bi Asiya. Kumbe alikuwa amebakiza sentensi nyingine.

Hayat alikwenda kwa miguu Rohero nzima, buibui limemshika mgongoni kwa jasho, farmasi baada ya farmasi, akichukua kila pakiti waliyokuwa nayo. Mwuzaji mmoja alimwuliza ni nani anayekohoa kiasi hicho. "Ukoo muzima," alijibu, akatoka mbio. Poda ilipokorogwa ilinuka mayai viza. Mwali wa watu, aliyefukizwa udi na kupakwa waridi kwa siku zote zile, sasa alinuka mayai viza kuanzia puani, na Hayat hakuwahi kupenda harufu yoyote kama alivyoipenda ile.

"Na kama ini halitarudi?" alimwuliza daktari walipokuwa peke yao.

"Kwa wenzetu wanaweka ini la mutu mwingine. Hapa hatuna, na kumusafirisha hivi alivyo, atafia angani. Sitakudanganya, wengine wanaondoka. Lakini ini lina tabia yake moja. Likikutana na dawa mapema, likapewa nafasi, linajijenga upya. Kilichobaki ni kungoja."

Wakangoja. Arusi ikaahirishwa. Barabarani Shangazi Miza aliwaambia watu ni malaria iliyopanda kichwani, kwa kuwa malaria ni ugonjwa wa heshima. Nawaf alikuja mara moja, akasimama mguuni mwa kitanda, akalia kwa kweli, akaondoka. Kumbe alikuwa mtu mzuri tu, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Hayat hakuondoka. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, alimwosha mdogo wake, alibadilisha shuka, alimfuta singo iliyobaki nyuma ya masikio. Hakuna aliyemkumbusha kwamba yeye ni nuksi.

Kila asubuhi daktari aliuliza maswali yaleyale, maana alisema akili ikirudi ndipo atajua ini nalo limerudi. Jina lako nani? Uko wapi? Huyu ni nani? Tahani alijibu kwamba yuko sokoni. Siku nyingine alijibu yuko kwenye gari. Kuhusu Hayat alifikiri sana.

"Ni yule wa jikoni," alisema.

Hayat alicheka kidogo, kwa mazoea, kisha akatoka nje akalia akishika ukuta. Aliomba. Hakuomba kwa Kiarabu kizuri, aliomba kwa maneno ya uani. Ya Rabbi, anijue tu. Hata mara moja, anijue. Mengine yote nitayalipa.

Kisha matundu ya sindano yakaanza kufunga yenyewe. Usiku Tahani akawa analala, mchana yuko macho. Njano ilikuwa bado, daktari alisema hiyo itachelewa kuondoka, isiwatishe tena. Asubuhi moja alimnyoosha mikono, nayo ikabaki hewani, imetulia, hina yake imepinda vilevile.

"Jina lako nani?"

"Tahani binti Suud."

"Uko wapi?"

Tahani alinusa. "Hospitali. Panavunda mayai."

Daktari Anselme alicheka. Hayat alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni.

"Na huyu ni nani?"

Tahani aligeuza kichwa kwenye mto. Alimtazama polepole, macho ya njano, lakini ndani yake kulikuwa na mtu.

"Hayat," alisema. "Dada yangu."

"Alhamdulillahi," Hayat alisema, "alhamdulillahi, alhamdulillahi," akaanguka magotini kando ya kitanda na kuukamata mkono ule.

"Nilikuita," alisema Tahani.

Hayat aliinua uso.

"Nilikuita, ukafungua bomba."

"Vizuri sana!" alisema Daktari Anselme, uso wote umechangamka. "Vizuri kabisa! Kumbukumbu imerudi yote!" Akatoka kwenda kumwambia Bi Asiya habari njema.

Mdomo ule uliojulikana kuanzia Buyenzi mpaka Cibitoke ulitafuta neno la kujitetea. Kulikuwa na la Shangazi, kulikuwa na la desturi, kulikuwa na la vidole vya miguu. Hayat aliyaona yote na hakuthubutu kuligusa hata moja. Alibaki ameshika mkono wa mdogo wake. Mkono haukutetemeka. Haukumshika, wala haukujiondoa.